Wiki ya tatu maabara Kigoma, unaogopa kuuliza

Mdogo wangu, nimekuelewa: umeanza utafiti kwenye maabara ya samaki hapa Kigoma, kila mtu yuko na shughuli zake, na unaona aibu kuuliza namna ya kutumia vifaa usivyovizoea.

Anza na fundi sanifu, kabla hata ya bosi. Yeye ndiye anayejua mizani ipi haiaminiki na friji ipi husumbua umeme ukikatika. Mwombe akuonyeshe, kisha rudia mbele yake. Andika daftarini siku hiyo hiyo: tarehe, mahali, kina, aliyechukua sampuli. Lebo andika kwa penseli. Mimi nilipoteza sampuli za mwezi mzima kwa sababu wino wa lebo ulifutika kwenye spiriti ya kuhifadhia samaki, na iliniuma sana.

Nenda pia mwalo wa Kibirizi asubuhi, mitumbwi ya dagaa inaporudi. Wavuvi watakufundisha mengi. Siku za mbalamwezi usitegemee sampuli, taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri.

Fomalini, kemikali ya kuhifadhia samaki, ni hatari: vaa glavu na miwani, hewa ipite. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi dakika 15, kisha hospitali mara moja. Na ukilazimishwa kubadilisha takwimu, kataa, uripoti utawala kwa maandishi.