Jengo la kwanza la shule ya Nightingale
Kwa aliyeuliza kama jengo la kwanza la shule ya uuguzi ya Florence Nightingale bado lipo: halipo, ndugu. Shule ilianza 1860 ndani ya Hospitali ya St Thomas, wakati huo ikiwa Southwark, London, kwa fedha za mchango wa umma. Mwaka 1862 hospitali na shule zikahama kwa kuwa reli ilikitaka kile kiwanja. Makao mapya ya Lambeth, London, ng'ambo ya mto Thames ukitokea Bunge la Uingereza, yalifunguliwa 1871: wodi ndefu, madirisha pande zote mbili ili hewa ipite. Mabomu ya Vita vya Pili yakabomoa sehemu kubwa. Siku hizi shule ni kitivo cha King's College London.

Ukitaka mabaki ya hospitali ya Southwark, kuna chumba chake cha upasuaji darini mwa kanisa la zamani. Jiandae tu na ngazi nyembamba za kuzunguka.