Bia mbili hazimwangushi mtu aliyezoea nne

Kuna aliyeuliza utajuaje kama umewekewa dawa kwenye kinywaji au umelewa tu. Yamenikuta, ngoja nijibu kwa kirefu.

Kipimo changu ni hesabu. Kama unajijua kwamba bia nne ndiyo unaanza kuchangamka, halafu leo ya pili tu miguu imekuwa kama ya kuazima, kuna kitu. Mimi niliacha glasi nusu nikaenda msalani. Nikarudi, nikaimalizia. Dakika kama 20 baadaye naitazama simu yangu mwenyewe na namba ya siri siikumbuki. Skrini naiona, vidole ninavyo, namba hakuna. Kuanzia hapo ni giza, mengine nimesimuliwa.

Jamaa mmoja niliyekuwa napiga naye soga kaunta alinishika kwapani akaanza kunitoa. Mlangoni akamwambia mlinzi, "Huyu ndugu yangu, kazidiwa." Mlinzi akampisha, tena akamsaidia kunibeba. Rafiki yangu akawahi, akamuuliza swali moja tu: "Ndugu yako anaitwa nani?" Jamaa akaniachia palepale, akayeyuka. Ndiyo maana hizi habari za kufunika glasi nasema sawa, funikeni, lakini kinachotisha zaidi ni ile safari ya kutoka mezani hadi mlangoni. Mkienda kikundi, hakuna kuondoka na mtu bila kuagana ana kwa ana.

Kosa langu lilikuja baadaye. Siku ya kwanza nililala, ya pili nikaona aibu, ya tatu ndiyo nikaenda hospitali. Hawakukuta kitu. GHB, dawa ya kulevya ambayo watu huwekewa kwenye vinywaji, huisha kwenye mkojo ndani ya saa 12 hivi. Rohypnol, kidonge kikali cha usingizi kinachotumika vivyo hivyo, hukaa zaidi, pengine siku kadhaa. Kwa hiyo ukiamka na mashaka, nenda siku hiyohiyo. Ukibanwa mkojo kabla hujafika, ukinge kwenye chombo safi chenye mfuniko uende nao. Na useme wazi unashuku umewekewa dawa, maana vipimo vya kawaida haviitafuti GHB. Majibu yakitoka safi, bado si ushahidi kwamba hukuwekewa.

Macho nayo usiyaamini. Rohypnol iliongezwa rangi ya bluu ili ionekane ikiyeyuka, lakini kwenye kinywaji cheusi, chini ya taa za klabu, utaiona wapi? Halafu mara nyingi hiyo "dawa" ni pombe kali tu umeongezewa bila kuambiwa.

Mwenzako akizidiwa, mlaze kwa ubavu. Kahawa usimpe, kumtapisha usijaribu, na usimwache chumbani eti alale itaisha. Ukimwita haamki, au anapumua kwa shida, hapo ni simu ya dharura, si ya kuulizana kwenye grupu.

Yule mlinzi nilirudi kumuuliza. Akaniambia kila wikiendi anawafungulia mlango walevi na ndugu zao, angejuaje?