Bunduki ya Marehemu Baba au Mpya ya Plastiki?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, marehemu baba alimiliki kihalali bunduki ndogo ya .22 (kipimo cha upana wa risasi, sehemu ya inchi), yenye kitako cha mbao, iliyotengenezwa Ulaya zamani. Ningependa kuendelea na mchezo wa kulenga shabaha, lakini ndugu zangu wananishauri niiache na kununua mpya ya bei nafuu, yenye kitako cha plastiki. Fundi mmoja anasema za siku hizi ni takataka. Je, ni kweli?
Msomaji, Mafinga, Iringa

JIBU: Fundi wako ana hoja, ila si kuhusu mtutu. Zamani mifuo ya ndani ya mtutu, inayoizungusha risasi ili iende sawa, ilichongwa mmoja mmoja kwa kisu kidogo kilichopitishwa mara nyingi. Leo viwanda vingi hupitisha kipande cha kabaidi, madini magumu sana, kwa mkupuo mmoja, au hugongagonga mtutu kwa nyundo za mashine juu ya kalibu, yaani chuma cha ndani chenye umbo la mifuo, na kwa sababu njia hizo hutoa mitutu inayofanana, bunduki rahisi ya leo mara nyingi hulenga vizuri kama ya zamani ya bei kubwa.

Ufundi wa mkono utauona kwenye komeo, kile kipande kinachofunga risasi nyuma ya mtutu, ambalo huteleza bila kukwaruza kwa kuwa kuna mtu aliyelisugua kwa tupa na jiwe hadi likakaa, na pale mbao inapokutana na chuma bila mwanya wa kupitisha hata karatasi. Kazi hiyo hula saa nyingi, na saa za fundi ni fedha. Winchester ya Marekani iliunda Model 52, .22 iliyosifika sana kwa shabaha, kuanzia 1920 hadi 1980, ikaiacha. Remington nayo ilitoa Nylon 66 mwaka 1959, yenye kitako cha nailoni, ikauza zaidi ya milioni moja.

Tena, kwa ukungu na mvua za kwenu Mufindi, plastiki ina haki yake: mbao hunywa unyevu, hujipinda na kuusukuma mtutu, shabaha ikahama. Hata hivyo, mimi ningechagua ya baba, mradi mtutu haujaliwa na kutu kwa ndani, maana skrubu zake hufunguka na fundi stadi huweza kuchonga kipuri kilichovunjika.

Wakati mkijadiliana, silaha hiyo isikae nyumbani. Kibali cha marehemu hakirithiwi; ikabidhini polisi, kisha uombe kibali chako mwenyewe chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.