Vebena zangu zimeota unga mweupe

SWALI: Nilipanda vebena kwenye vyungu vya barazani. Mwanzo zilichanua vizuri, nyekundu na zambarau. Sasa majani yamejaa kitu kama unga mweupe na maua yamekoma. Nazimwagilia kila jioni. Nakosea wapi?

JIBU: Pole sana, dada. Huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa majani, na kivuli cha baraza kinaupa nguvu. Vebena ni ua la jua. Lipe jua kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku. Leo hii kata majani yaliyougua, yatupe mbali, kisha tenganisha vyungu upepo upite. Mwagilia asubuhi, chini shinani, bila kulowesha majani, na kwanza chomeka kidole: udongo ukiwa bado na unyevu, acha. Zangu za kwanza zilioza mizizi kwa maji mengi, na iliniuma.

Kuhusu maua, tazama shada moja kwa karibu. Vijiua vya pembeni hufunguka kwanza, vya katikati mwisho. Vyote vikinyauka, kata kikonyo juu kidogo ya jozi ya majani yenye afya. Machipukizi mapya yatatokea hapo hapo, na mashada yatafuata.