Tumbo likichafuka, usinywe maji kwa pupa

Usiku ule nilitapika mara nne kabla ya saa nane, na kuharisha sikuhesabu. Kila nikitoka chooni koo limekauka, najaza glasi ya maji na kuibugia yote kwa mkupuo. Dakika tano hazipiti, maji yamerudi. Nikajiambia basi, tumbo limekataa maji. Kumbe lilikataa wingi wake.

Dada yangu ndiye aliyekuja na kijiko cha chai na kikombe cha ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Sharti lake lilikuwa moja: ukitapika, pumzika dakika 10, halafu kijiko kimoja, na baada ya dakika mbili kingine. Inaudhi mno, hasa ukiwa na kiu ya kumaliza ndoo. Lakini piga hesabu. Kijiko cha chai kina mililita 5, kwa hiyo ndani ya saa moja umeingiza mililita 150, na zimekaa. Glasi zangu tatu za mwanzo zote ziliishia kwenye beseni.

Kwa nini ORS na si maji matupu? Kwenye ukuta wa utumbo mna njia ambayo chumvi na glukosi (aina ya sukari) hupita zikiwa pamoja, na zikipita huvuta maji nyuma yake. Njia hiyo haifungwi hata utumbo unapokuwa umeshambuliwa na virusi. Soda na juisi zina sukari nyingi kupita kiasi. Hizo huyavuta maji yaingie utumboni, ukaharisha zaidi. Najua wengi huwapa watoto soda wakiumwa tumbo. Acheni.

Soma pakiti kabla ya kuchanganya, maana nyingi ni za lita 1 lakini zipo ndogo zaidi. Ukikosa pakiti, weka vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1 ya maji salama, vijiko vikiwa vimesawazishwa, si vya mlima. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga.

Mimi nilikuwa naangalia mkojo. Alfajiri ulitoka kidogo tu, wa rangi ya kahawia, lakini angalau ulitoka, na dada akafurahi kuliko mimi mwenyewe. Kwa mtoto angalia zaidi ya hapo: analia bila machozi, macho au utosi umebonyea, amelegea, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi. Ukiona hayo, au damu kwenye choo, au mtu mzima hajakojoa kutwa nzima, nenda hospitali, usiendelee na vijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Dawa za kuzuia kuharisha mtoto asipewe, na antibayotiki haziui virusi.

Kosa langu la pili nililigundua baadaye. Nilikuwa napaka kitakasa mikono kila nikitoka chooni, nikidhani inatosha, kumbe virusi aina ya noro, ambavyo huleta kutapika na kuharisha, havijali sana spiriti. Vinataka sabuni na maji tiririka. Siku ya pili, nikiwa nimeanza kula, nikamsikia dada anakimbilia chooni. Nikaenda kutafuta kile kijiko.