Mchanga Kwanza, Jina Baadaye

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilijaza ukuta picha za ndege na wanyama wa eneo letu. Wiki mbili tu, darasa zima likawa linataja majina bila kukwama. Nikawatoa nje. Shomoro akatua hatua tano mbele yetu. Darasa zima kimya. Mmoja akasema, "Mwalimu, kwenye picha alikuwa mkubwa."

Tangu hapo jina nalitoa mwisho.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni mtego wa nyayo, usioumiza mnyama yeyote. Jioni tunachekecha mchanga, tunaulowesha kidogo, tunautandaza kwenye kinjia kisichopitwa sana na watu na kuusawazisha kwa ubao. Asubuhi tunawahi kabla jua halijapanda, kwa sababu mwanga wa pembeni hutia kivuli ndani ya alama. Kila mmoja anapima kwa rula na kuchora. Alama za makucha zikionekana mbele ya vidole vinne, mara nyingi ni jamii ya mbwa. Paka hutembea ameyaficha. (Siku moja mtoto aliniuliza, na duma? Kweli, duma makucha yake huonekana. Nilifurahi kubanwa.)

Unyayo mzuri tunaumiminia uji wa unga wa plasta, vikombe viwili vya unga kwa kimoja cha maji, tukianzia pembeni. Subirini nusu saa. Mimi niliwahi kuubandua mapema nikabaki na vipande mkononi, wanafunzi wote wakinitazama.

Kwa ndege, marufuku kutaja jina. Semeni: kwa ukubwa amezidi shomoro, hajafika njiwa? Mdomo mfupi na mnene wa kuvunjia mbegu, au mwembamba wa kudonolea wadudu? Anatembea au anaruka-ruka? Usiku, shuka jeupe na taa vinatosha kuwaita nondo. Vipapasio vya kipepeo vina kirungu nchani. Vya nondo wengi ni kama uzi au unyoya.

Mzoga na mnyama mgonjwa hawaguswi, na mikono inanawishwa. Hilo sina mjadala nalo.

Programu ya simu kama iNaturalist, inayokisia jina la kiumbe kutokana na picha, tunaifungua baada ya michoro kukamilika, ili wabishane nayo.

Juzi mchangani kulikuwa na nyayo ndogo sana: vidole vinne mbele, vitano nyuma. Kundi moja linasema mjusi, jingine panya. Mimi najua. Nimenyamaza, na leo jioni wanatandaza mchanga tena.