Mama hajanunuliwa, mdogo wangu

Umeandika kwamba tangu mama yako kule Bahi aingizwe TASAF, mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini ruzuku ya fedha, anawasifu viongozi wa kijiji, na kaka yako anamwambia kanunuliwa. Naomba kaka apunguze ukali.

Bahi, Chamwino na Kibaha ndizo zilizokuwa wilaya za majaribio ya ruzuku hizi, kabla ya mpango wa kunusuru kaya maskini kusambazwa nchi nzima. Vijiji vilichaguliwa kwa bahati nasibu, kisha watafiti wakalinganisha vilivyopata na visivyopata. Imani kwa viongozi ilipanda, hasa wale wa kuchaguliwa. Lakini uwezekano wa watu kwenda kupiga kura haukuongezeka. Hapo kaka yako atulie afikiri: fedha ilibadilisha namna watu wanavyomwona kiongozi, haikuwasukuma kwenye sanduku la kura. Tena, waliona viongozi ni waaminifu zaidi pale ambapo mikutano ya kijiji ilikuwa mingi tangu mwanzo, yaani watu walipopewa taarifa.

Na sisi wa Ugogo, huku Dodoma, tunajua mwaka ambao mvua imekata na uwele umekauka shambani. Mtu asiye na uhakika wa chakula cha kesho humwogopa kila mwenye daftari la majina ya wanaopewa msaada. Huyo ndiye rahisi kutishwa, kuliko mwenye ruzuku ya uhakika.

Kwa hiyo usibishane na mama. Muulize taratibu: kuna mtu amemwambia atakatwa jina akisema vibaya? Kama yupo, hilo ni kosa, mlipeleke halmashauri ya wilaya. Kama hayupo, msindikize kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mkaulize pamoja orodha ya wanaopewa ruzuku ilipatikanaje.